Tuyaseme Kabla Turubai Halijafungwa

(Hotuba ya Mweka Hazina wa umoja wetu kwenye hafla ya harambee ya mwaka, Dar es Salaam. Inachapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa dakika ishirini. Najua Mweka Hazina akisimama watu hukumbuka simu za kupiga nje, kwa sababu wanadhani anakuja kusoma madeni ya ada. Madeni ya ada leo siyasomi. Yamebandikwa mlangoni. (Kicheko.) Nataka kuzungumza juu ya misiba yetu, na mwisho nitaleta hoja moja ya kubadili kifungu cha katiba, ijadiliwe kwenye mkutano mkuu.

Siku ya kuchangia bweni la wasichana wetu si siku ya kutaja majeneza, nalijua hilo. Lakini nilipokuwa nafunga vitabu vya mwaka jana niliona jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Fedha iliyotumika kuwasafirisha marehemu wetu watatu kwenda nyumbani, ukijumlisha ya umoja na ya familia zao, ni nyingi kuliko yote tuliyopeleka shuleni tangu tuanze kulizungumzia bweni hili. Sisemi tulikosea kuwasafirisha. Nasema hivyo ndivyo vitabu vinavyosomeka.

Nitatoa mfano wa msiba wa nyumbani kwangu, maana wa mwenzangu sina ruhusa nao. Mama mdogo yuko meza ile ya nyuma, amenikubalia kusema haya yote, na amesema nikikosea tarakimu atanyoosha mkono.

Baba yangu mdogo alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeanza. Alikuja Dar es Salaam kwa treni akiwa na miaka kumi na tisa. Akalinda magodauni, akafanya kazi kiwandani, akajenga vyumba vitatu Gongo la Mboto, akazaa watoto wanne. Muyama alikuwa akienda kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kama miezi minane kabla ya kifo chake tulikuwa tumekaa barazani kwake tunaangalia mpira, akaniambia bila kugeuza macho kwenye televisheni: "Mwanangu, mimi nikifa mnizike hapa hapa. Airwing panatosha. Hela ya gari mpeni mama yenu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, acha maneno hayo, mpira unaendelea." Hatukulirudia tena.

Usiku ule alipofariki tulikaa kikao chini ya turubai. Wengi wenu mlikuwepo. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alipatikana, mtunza daftari akapatikana, kundi la WhatsApp likafunguliwa. Saa nne usiku baba mkubwa akapiga simu kutoka nyumbani, ikawekwa kwenye spika ili wote wasikie. Akasema, "Mtoto wa Muyama harudi kwa barua. Mleteni." Kikao kikaitikia. Mimi nilikuwa mtu pekee pale niliyekuwa na maneno ya marehemu mwenyewe kichwani, na nilinyamaza. Niliogopa kuonekana nabania hela. Mimi ndiye mwenye shahada, mimi ndiye mwenye gari, halafu niwe wa kwanza kusema tuzike Airwing? Mama mdogo naye alikuwa ameyasikia kwa mumewe zaidi ya mara moja, aliniambia baadaye. Lakini mjane amekaa kwenye mkeka ndani, nani alikwenda kumuuliza?

Basi tukamsafirisha. Ni zaidi ya kilomita 1,300: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, halafu unashuka Kakonko, Kibondo, Kasulu, ndipo unapanda kwetu. Tulipasuka tairi mbele kidogo ya Nzega saa tisa usiku, kina mama wakashuka, wakaimba pembeni ya barabara mpaka tairi ikafungwa. Baada ya Kasulu utelezi ukatukamata, vijana wakasukuma. Tulifika siku ya pili jioni. Bibi yetu, mama yake marehemu, wakati huo alikuwa amepita miaka themanini na tano. Alitolewa ndani akishikwa mikono huku na huku, akaweka kiganja juu ya jeneza, akakiacha pale muda mrefu bila kulia. Nawaambia hili mapema kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akisema Mweka Hazina haoni thamani ya kumrudisha mtu kwao. Ile picha ya kiganja cha bibi ninayo mpaka leo, na siwezi kuiwekea bei.

Sasa niwasomee daftari, maana daftari ninalo. Chumba cha maiti na sindano ya dawa, shilingi 280,000. Jeneza 550,000. Sanda, suti, msalaba na maua 170,000. Kosta ya kubeba mwili na watu, kwenda na kurudi, shilingi 4,800,000. Hapo msimlaumu mwenye gari sana, kwenda na kurudi ni karibu kilomita 2,800 na mafuta si maji. Chakula cha siku nne Gongo la Mboto 1,350,000. Turubai, viti na maji 320,000. Madereva na chakula njiani 430,000. Kule nyumbani, ng'ombe, mchele, saruji ya kaburi na mafundi 1,500,000. Fulana zenye picha ya marehemu pamoja na mpiga video 400,000. Ile video, nimeuliza, hakuna aliyewahi kuiangalia yote. Jumla 9,800,000.

Michango yote, pamoja na shilingi milioni moja ya umoja huu, ilikuwa 6,350,000. Waliochanga walichanga kwa moyo na Mungu awabariki. Nakisi ni 3,450,000. Milioni mbili zilitoka kwenye kikoba cha mama mdogo, kwa jina lake, kwa riba. Laki saba zilitoka kwa kuuza cherehani zake mbili, moja ikiwa ile ya umeme aliyokuwa akishonea sare za shule. Laki saba na nusu zilizobaki nilikopa mimi SACCOS kazini. Mimi mkopo wangu ulikatwa kwenye mshahara, sikufa. Yeye alilipa kikoba kwa miezi kumi na minne, bila cherehani, na mtoto wa tatu akasubiri mwaka mzima kwenda chuo. Haya hayakuwekwa kwenye daftari la msiba, kwa sababu daftari la msiba hufungwa siku ya kuondoa matanga, na deni huanza kesho yake.

Nilipokuwa nafuatilia karatasi zake niligundua jambo jingine. Baba mdogo aliwahi kuwa mwanachama wa NSSF pale kiwandani. NSSF wana mafao ya msaada wa mazishi, na wana pensheni ya warithi. Hatukujua namba yake ya uanachama. Haikuwa siri, ilikuwa kwenye kadi ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, pamoja na risiti za saruji. Tuliipata miezi mitatu baadaye. Tungeuliza mapema akiwa hai, angetuambia kwa dakika moja.

Ndugu zangu, tunaambiwa kumrudisha maiti nyumbani ni mila yetu Waha tangu zamani. Nilikuwa naamini hivyo. Lakini naomba mfikirie babu zenu. Wazee wetu walikwenda manamba. Ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoitwa SILABU ilianzishwa mwaka 1944, ikawachukua watu wa Kigoma kwa maelfu kuwapeleka Tanga na Morogoro. Nani hapa hana babu au kaka wa babu aliyekata mkonge? Na wangapi walifia huko? Walizikwa huko huko, Korogwe, Muheza, Kilosa. Hakukuwa na Kosta, wala jokofu la maiti, wala kundi la WhatsApp. Kaka wa babu yangu alifia shambani upande wa Muheza. Habari ilifika Muyama baada ya miezi, ikaletwa na mwenzake aliyemaliza mkataba, amebeba blanketi la marehemu na kikombe chake cha bati. Babu alikuwa akisimulia jinsi walivyokaa kilio juu ya lile blanketi, majirani wakaja na maharage na ndizi, moto ukawashwa uani kama msiba mwingine wowote. Jina lake akapewa mtoto aliyezaliwa mwaka uliofuata. Hakuna aliyesema mtu huyu amepotea kwa kuwa hakuletwa.

Kwa hiyo hii tunayoiita mila ya tangu zamani imekuja na lami, na chumba chenye baridi, na simu ya mkononi. Sisemi ni mbaya kwa sababu ni mpya, hata bati ni jipya na wote tumeezekea. Nasema tu isitumike kumnyamazisha mjane, kana kwamba akisema azike Ukonga amewakana mababu. Mababu wenyewe wengine wako Tanga.

Majirani zetu Waislamu mnawaona. Mtu akifa asubuhi, jioni ameshazikwa, popote alipofia, kwa sanda. Hitima itasomwa, ndugu wa mbali watakuja baadaye. Na hakuna anayesema wao hawawapendi watu wao.

Sasa kuna wanaodhani haya yanatatuliwa na mahakama. Wazee wenzangu wa redio mtakumbuka Kenya, kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Nairobi mwezi Desemba 1986. Mkewe, Wambui, Mkikuyu, alisema marehemu alitaka kuzikwa kwenye shamba lao nje ya Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager wakasema Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Wote wawili walileta mashahidi wa kusema marehemu alitamka nini. Mwili ukakaa chumba cha maiti karibu siku mia moja na hamsini, mpaka Mahakama ya Rufani ilipotoa hukumu mwezi Mei 1987 na ukoo ukashinda. Wambui hakwenda mazishini. Kinachonishangaza mimi katika kesi hiyo si kabila gani lilishinda. Ni kwamba yule mtu alikuwa wakili, kazi yake ilikuwa kuandikia watu karatasi, na yeye mwenyewe hakuacha wosia. Wakili! Sisi wahasibu tusicheke, nimewauliza wenzangu watano ofisini na hakuna hata mmoja mwenye wosia. Wa sita ni mimi, na wangu niliuandika mwaka jana tu.

Kenya hiyo hiyo, mwaka 2011, alifariki Profesa Wangari Maathai. Yeye alikuwa ameshasema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Wakamtengenezea la mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili wake ukachomwa Kariokor, Nairobi, baada ya ibada ya kitaifa. Mkikuyu, Mkatoliki, mshindi wa Nobeli. Kabla yake Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria wa Anglikana naye alichomwa. Watu walishangaa, wengine walikasirika, lakini familia zilikuwa na la kushika mkononi: alitaka mwenyewe.

Naona nyuso zimebadilika. (Kicheko.) Siwaambii tuchome watu. Wahindu hapa Dar es Salaam wana utaratibu wao wa miaka mingi na tunauheshimu, lakini nikipeleka Muyama kopo la majivu nadhani bibi atanifukuza na fimbo, na wachungaji waliopo hapa watamsaidia. Kijana mmoja aliandika kwenye kundi letu kwamba majivu yanapanda basi kwa nauli ya mtu mmoja. Hesabu yake ni sahihi. Mimi nimeitaja Kariokor kwa jambo moja tu: hata uamuzi mgeni kiasi kile ulipita kwa amani pale mwenyewe aliposema mapema na kwa watu wengi. Na uamuzi wa kawaida kabisa, kuzikwa kwako au kuzikwa kwa mkeo, uliweka mwili miezi mitano kwenye baridi.

Karatasi nayo si ukuta. Nimeona msiba ambao wosia ulikuwepo, ukasomwa siku ya nne baada ya maziko. Kwa hiyo usiandike tu ukafungia. Sema kwa mdomo, na umwambie hasa yule ambaye unajua atapiga kelele. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo. Baba mdogo aliniambia mimi, mtu ambaye nisingeweza kubishana na baba mkubwa. Angempigia simu kaka yake mwenyewe akamwambia, mambo yangekuwa mengine, au angalau wangegombana wao wawili wakiwa hai.

Kwa upande wa sheria, nilichojifunza nitakisema kwa ufupi. Wosia unaweza kuuandika na kuuhifadhi RITA, ada yake si ya kuogopesha. Kwa wanaofuata sheria za kimila, Tangazo la mwaka 1963 linakubali hata wosia wa mdomo, mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mimi barazani nilikuwa shahidi mmoja, tena anayeangalia mpira. Kifo kiandikishwe ndani ya siku thelathini, cheti cha kifo kichukuliwe RITA au kwa Mkuu wa Wilaya, kwa sababu bila cheti hicho benki, NSSF, PSSSF na mahakama ya mwanzo vyote vitakurudisha mlangoni. Na ukitaka kusafirisha mwili, kibali cha kusafirisha kiombwe mapema, msisubiri mpaka Kosta inaunguruma. Waliopo hapa ambao ni watumishi wa umma, ulizeni kwa afisa utumishi mwajiri anagharimia nini mtumishi akifariki. Familia nyingi huchanga kwanza na kuuliza baadaye.

Nije kwenye katiba yetu. Kifungu cha rambirambi kinasema mwanachama akifariki, umoja utatoa shilingi 1,000,000 "kusaidia kusafirisha mwili kwenda nyumbani". Akizikwa Dar es Salaam, familia inapewa 200,000. Kifungu hiki kiliandikwa na kamati ya watu watano na mimi nilikuwemo, hata mkato wa mwisho ni wangu. Wakati ule kilionekana cha huruma: anayesafiri ana gharama kubwa, apewe zaidi. Nimekisoma upya kama mkaguzi wa nje. Kinamwambia mjane kwamba ukizika hapa utapoteza laki nane. Kwa hiyo anachukua ile milioni yetu na kuingia kwenye safari ya milioni tisa. Tumempa milioni ili akope tatu na zaidi.

Hoja yangu ni kwamba rambirambi iwe moja, shilingi 1,000,000, bila kujali mtu anazikwa wapi, na ilipwe ndani ya saa ishirini na nne kwa mkono wa mjane, au mgane, au mtu ambaye marehemu alimwandika. Isipite kwenye kamati ya mazishi. Pili, anayezikwa Dar es Salaam, umoja ulipe nauli ya basi ya ndugu watatu kutoka nyumbani waje wamzike. Nimepiga hesabu, nauli za watatu kuja na kurudi haifiki hata robo ya ile Kosta. Na baadaye wawakilishi wawili wa umoja waende Muyama kwenye ibada ya kumaliza matanga, ili wazee na wao wapate pa kulilia. Bibi mwenye miaka themanini na tano hawezi kupanda basi siku mbili, hilo nalijua, na sina jibu lake zuri. Kwa familia yenye mama mzazi aliye hai nyumbani, pengine safari ni halali hata kwa deni. Lakini basi familia iamue hivyo ikiwa imekaa, imepiga hesabu, na mjane amesikilizwa. Isiamuliwe na kifungu changu.

Tatu, kila mwanachama ajaze karatasi moja. Ziko mezani pale mlangoni, karibu na orodha ya madeni. (Kicheko.) Inauliza mambo machache: ukifa Dar es Salaam ungependa uzikwe wapi, kwa ibada ya dini gani, nani asemeke kwa niaba yako kwenye kikao, namba zako za NSSF au PSSSF na bima, karatasi za kiwanja ziko wapi, nani anakudai na nani unamdai. Nakala moja unakaa nayo, moja unampa mwenzio wa ndani, moja inakaa kwa katibu kwenye bahasha iliyofungwa. Haitachukua nafasi ya wosia. Ni ya kutusaidia usiku ule wa kwanza tu, ambao ndio unaoamua kila kitu.

Wapo watakaosema kujaza karatasi hiyo ni kujiitia kifo. Mzee mmoja kwenye kamati aliirudisha fomu kwangu kwa ncha za vidole viwili kama panya. Namheshimu. Ila nimeona kwamba hao hao wazee wetu walio nyumbani hawana woga huo. Wanakuonyesha kabisa, akifa alazwe pale chini ya mwembe, kichwa upande ule, na kahawa ile isikatwe. Ni sisi wa mjini tuliopata woga.

Mimi yangu nimejaza. Nimeandika kwamba nikifia nyumbani nizikwe nyumbani, nikifia huku nizikwe huku, isipokuwa kama akaunti niliyoitaja ndani ya bahasha inatosha safari yote bila mchango wa mtu. Kwa sasa haitoshi. Ng'ombe mmoja, fulana hapana, video hapana. Kabla ya kuja kusema mbele yenu nilimpigia simu mama yangu huko Muyama, maana yeye ndiye angenipigia kelele. Nikamweleza polepole, nikizunguka sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe nani kakuambia utanitangulia?" Nikakosa la kusema. Akaendelea: "Haya, kwa kuwa umeanza wewe, andika na yangu. Nizikwe jirani na baba yenu, mkono wake wa kushoto. Kwaya ya kina mama iimbe, ya vijana wana vyombo vya kelele. Na yule ng'ombe wangu wa maziwa asichinjwe, mtanunua mwingine."

Nimeandika. Nimempigia na dada yangu mkubwa, ambaye angemchinja yule ng'ombe wa kwanza kabisa, nikamsomea. Amekubali kwa shingo upande.

Ndugu Mwenyekiti, hoja naikabidhi kwa katibu kwa maandishi, ikiwa na sahihi za wanachama kumi na wawili, na ya kwanza ni ya mama mdogo. Kalamu ziko mezani pamoja na karatasi. Sasa naomba mshereheshaji aendelee na bweni: mpaka naingia humu tulikuwa hatujafika nusu ya mabati.